Sura ya Sita: Java Mpya kwa Takwimu za Itilima

Mwezi unapokwisha, wauguzi wa zahanati za Wilaya ya Itilima hukaa na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za huduma za afya za kituo, na kuanza kuhesabu. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha akina mama waliojifungua. Kazi hiyo hufanywa kwa kalamu na kikokotoo cha simu, mara nyingi jioni baada ya foleni kuisha, na jumla zake hujazwa kwenye fomu ya mwezi. Kituo chenye kompyuta na mtandao huingiza chenyewe. Kisicho navyo hupeleka fomu Lagangabilili, makao makuu ya wilaya, na huko namba zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Kuanzia hapo mtu aliyeko Bariadi mkoani au Dodoma wizarani anaweza kuona ni watoto wangapi wa Itilima wamechanjwa surua, na ni wajawazito wangapi walianza kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12.

Itilima ni wilaya changa. Ilimegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka ule ule Mkoa wa Simiyu ulipoundwa kwa kuchukua sehemu za Shinyanga na Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 313,900 wilayani humo. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ilikuta mkoa mzima una watu 2,140,497, kutoka 1,584,157. Watu wanaongezeka kwa kasi, na anayepanga chanjo, vitanda vya leba na dawa za malaria hawezi kupanga kwa kukisia. Anategemea zile namba za jioni zifike, zikae salama, na zifunguke anapozihitaji.

Anayefungua DHIS2 anaona ukurasa kwenye kivinjari: jina la kituo, mwezi, visanduku vya kujaza. Chini ya ukurasa huo kuna safu kadhaa za programu. Ya chini kabisa ni Linux. Juu yake ipo PostgreSQL inayotunza kanzidata, ipo Tomcat inayopokea maombi kutoka kwenye vivinjari, na ipo Java, mazingira ambamo DHIS2 yenyewe inaendeshwa. Sura hii ni ya Java. Kanzidata kila mtu anaiogopa na kuitunza, kwa sababu ndimo mlimo na takwimu. Linux angalau inajikumbusha, maana mtu akiingia tu kwenye seva anaambiwa kuna marekebisho mangapi yanasubiri. Java hukaa kimya. Inaweza kukaa miaka mitano bila mtu kuiuliza umri wake, mpaka siku toleo jipya la DHIS2 linapokataa kuwaka.

DHIS ilianzia Cape Town, katikati ya miaka ya 1990, Afrika Kusini ilipokuwa inaunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape na Chuo Kikuu cha Oslo, akiwemo Jørn Braa, walitengeneza programu ya kukusanya takwimu za wilaya kwa kutumia Microsoft Access. Ilifanya kazi, lakini kila ofisi ilibaki na faili lake kwenye kompyuta yake. Miaka ya 2000 Oslo waliiandika upya kwa Java ili itumike kupitia mtandao, wakaifanya huria, na ndiyo DHIS2 tunayoijua. Kenya iliifungua kwa nchi nzima mwaka 2011. Zanzibar ilikuwa imetangulia kutumia DHIS ya zamani, na Tanzania Bara, baada ya majaribio yaliyoanzia Mkoa wa Pwani, iliifikisha kwenye mikoa yote kufikia mwishoni mwa 2013. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kwa nini Java? Muuguzi aliyepangiwa Itilima akitokea Mtwara hajui Kisukuma, na bibi aliyekuja kliniki hawezi kueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Anaitwa mtu wa kukaa katikati, anayezijua lugha zote mbili, na mazungumzo yanaendelea. Java ni mtu huyo wa katikati. DHIS2 haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Inazungumza na Java, na Java inaiambia kompyuta la kufanya, iwe ya Windows, Linux au nyingine. James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems walianza kazi hiyo mwaka 1991, na Java ikatoka hadharani mwaka 1995 kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa popote. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010. Kuanzia 2019 Oracle iliacha kutoa bure marekebisho mapya ya Java 8 kwa matumizi ya kibiashara, na ofisi nyingi zikahamia OpenJDK, ambayo ni Java huria, haina ada ya leseni, na Ubuntu inaileta pamoja na vifurushi vyake vingine. Kwa taasisi ya umma yenye bajeti finyu sioni sababu ya kutumia nyingine.

Programu ya Java inapojengwa, kila faili linalotoka hupigwa namba. Ukilifungua faili hilo katika hali yake ghafi utakuta linaanza na alama CAFEBABE, na hatua chache mbele ipo namba ya toleo: 52 kwa Java 8, 55 kwa Java 11, 61 kwa Java 17, 65 kwa Java 21. Java mpya inasoma mafaili ya zamani. Java ya zamani ikikutana na namba kubwa kuliko yake inasimama papo hapo. Haijaribu, haikisii. Kwa mfumo unaobeba takwimu za wagonjwa, huo ni ukali unaofaa.

Zamani matoleo yalikuja polepole. Java 8 ilitoka Machi 2014, na iliyofuata ilisubiriwa hadi Septemba 2017. Tangu hapo linatoka toleo kila baada ya miezi sita, na machache huteuliwa kutunzwa kwa miaka mingi: 11 la mwaka 2018, 17 la 2021, 21 la 2023, 25 la 2025. DHIS2 inafuata hayo yanayotunzwa. Toleo la 2.35 lilipendekeza Java 11 huku likiikubali Java 8. Lilipofika 2.38, Java 8 ikakataliwa. Lilipofika 2.41, Java 17 ikawa sharti. Ukitaka maboresho ya DHIS2 lazima upandishe Java, na usipotaka maboresho bado lazima uipandishe, kwa sababu ya usalama.

Desemba 2021 dunia nzima ililiona hilo. Lilipatikana tundu katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, likapewa jina Log4Shell. Mhalifu aliweza kutuma mstari mmoja wa maandishi kwenye seva, Log4j ikauandika kwenye kumbukumbu, na katika kuuandika ikaenda kuchukua programu kutoka kwa mhalifu na kuiendesha. Kosa lilikuwa la Log4j, na dawa yake ilikuwa kuibadilisha Log4j. Ila waliokuwa wameisasisha Java yao walikuwa na kinga fulani tayari: tangu marekebisho ya Java 8 ya mwaka 2018, Java yenyewe ilikuwa imefunga, kama hali yake ya kawaida, njia nyepesi kuliko zote ya kupakua programu ya mbali kwa mtindo ule. Zilibaki njia nyingine, kwa hiyo Java mpya pekee haikutosha. Lakini ambao walikaa na Java ya 2015 kwa kuwa "inafanya kazi" walikuwa wazi kabisa.

Sasa tuje kwenye mikono. Nitaeleza kazi tuliyoifanya Lagangabilili na kijana mmoja wa TEHAMA, kwenye kompyuta mpakato yake ya mazoezi. Ilikuwa na Ubuntu 22.04, Java 11, Tomcat 9 na DHIS2 2.40. Takwimu zilizokuwamo ni za Sierra Leone, ile kanzidata ya mfano ambayo watengenezaji wa DHIS2 huitoa bure, yenye wilaya za Bo na Kenema na vituo vyake. Nasisitiza hilo kwa kila anayejifunza: usifanyie mazoezi takwimu za wagonjwa wa kwenu. Za kujifunzia zipo.

Aliweka faili la DHIS2 2.41 kwenye folda ya Tomcat, akaiwasha upya. Kivinjari kikaleta ukurasa wa kosa. Hapo wengi huanza kufuta na kuweka upya. Yeye alifungua kumbukumbu za Tomcat, na humo kulikuwa na mstari wenye neno UnsupportedClassVersionError, ukieleza kwamba faili limejengwa kwa namba 61.0 na Java iliyopo inaishia 55.0. Anayezijua namba zile hahitaji kubahatisha tena. DHIS2 inadai 17, mashine ina 11.

Akaandika amri mbili: sudo apt update, kisha sudo apt install openjdk-17-jre-headless. Neno la mwisho pale linamaanisha Java isiyo na sehemu za madirisha na picha, ambayo ndiyo inayoifaa seva. Baada ya dakika chache akaandika java -version na mashine ikajibu 17. Akaiwasha Tomcat upya. Kosa likarudi lile lile, 61 kwa 55.

"Kaka, si tumeshaweka 17? Mbona bado inalia na 11?"

"Hiyo uliyoiuliza ni java ya terminali, mdogo wangu. Hebu iulize Tomcat inatumia ipi."

Akaandika ps -ef | grep java. Kwenye jibu refu lililojaza skrini, mwanzo wa mstari wa Tomcat ulisomeka /usr/lib/jvm/default-java/bin/java. Akakiangalia kiungo kile kwa ls -l, na kikaonyesha kuwa kinaelekea java-1.11.0-openjdk-amd64. Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima, na ndipo wengi wanapokwama.

Kwenye Ubuntu, Java mbili hukaa bega kwa bega ndani ya /usr/lib/jvm, kila moja na folda yake, wala hazigombani. Kuweka mpya hakuondoi ya zamani. Ipi inatumika ni suala la viungo. Unapoandika java kwenye terminali, mashine inafuata /usr/bin/java, ambacho ni kiungo kinachoelekea /etc/alternatives/java, nacho ni kiungo kinachoelekea kwenye Java halisi. Utaratibu huo unaitwa update-alternatives, na kama hujauelekeza vingine unachagua Java yenye kipaumbele kikubwa, ndiyo maana terminali ilihamia 17 yenyewe. Tomcat haipiti njia hiyo. Inatafuta Java yake kwa jina la default-java, na kwenye Ubuntu 22.04 jina hilo ni la Java 11. Isipokuwa umeiambia vingine.

Kuiambia ni mstari mmoja. Kijana alifungua /etc/default/tomcat9 akaandika JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64, akahifadhi, akaiwasha Tomcat, tukasubiri. Safari hii kumbukumbu zilienda mbele, kanzidata ikaanza kubadilishwa kufuata muundo mpya, na ukurasa wa kuingilia ukafunguka.

Kwenye seva za zamani kuna kikwazo kingine ambacho hatukukutana nacho siku ile. Miaka ya nyuma ilikuwa kawaida kunakili mipangilio ya Java kutoka seva moja hadi nyingine, yenye maneno kama MaxPermSize au UseConcMarkSweepGC, ya kugawa RAM ya kompyuta na kusafisha sehemu zisizotumika. Maneno hayo yalikubalika kwenye Java 7 na 8. Java 17 haiyatambui, na ikiyakuta inakataa kuwaka kabisa. Dawa ni kusafisha mipangilio kabla ya kuhama, na kubakiza yale tu ambayo kuna mtu anaweza kueleza kazi yake. Java 17 imefunga pia milango ya ndani ambayo programu za zamani zilizoea kuipitia, na Java 11 ilishaondoa vipande kama JAXB vilivyokuwa vikija nayo. Ukiona programu ndogo ya ofisi iliyoandikwa mwaka 2012 imegoma baada ya kuhama, anza kutafuta hapo.

Tofauti kati ya kupandisha Java na kupandisha DHIS2 inastahili kuandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Java inarudi nyuma: ukibadili ule mstari wa JAVA_HOME ukaiwasha Tomcat, umerejea ulikotoka. DHIS2 hairudi. Toleo jipya linapowaka mara ya kwanza linabadilisha muundo wa kanzidata, na toleo la zamani haliwezi kuisoma tena. Njia pekee ya kurudi ni nakala iliyochukuliwa kabla. Kwa hiyo mambo haya mawili yasifanywe siku moja pale inapowezekana. Toleo la DHIS2 likikubali Java ya zamani na mpya, kama 2.35 ilivyokubali 8 na 11, pandisha Java kwanza, acha mfumo ufanye kazi wiki moja au mbili, ndipo upandishe DHIS2. Kikiharibika kitu utajua kimetoka wapi.

Nakala huchukuliwa kwa pg_dump. Majedwali yanayoanza na neno analytics yanaweza kuachwa, kwa sababu DHIS2 huyajenga upya yenyewe kutoka kwenye takwimu za msingi, na ukiyaacha nakala inapungua sana ukubwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye mashine nyingine haijathibitishwa. Irejeshe, fungua ripoti ya mwezi uliopita, linganisha namba na karatasi za kituo kimoja. Hilo ni jambo ambalo mratibu wa MTUHA wa wilaya anaweza kulifanya vizuri kuliko fundi, na anapaswa kuitwa.

Muda wa kufanya kazi hii nao una siasa zake. Siku za mwanzo wa mwezi, ripoti zinapoingia, ni marufuku. Umeme ukikatika katikati ya apt, vifurushi hubaki nusu, na amri ya kuviokoa ni sudo dpkg --configure -a. Bora kuwe na betri. Mtandao nao usitegemewe saa ya kazi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Tanzania, pamoja na ya majirani, ikadorora kwa siku kadhaa. Aliyekuwa ameshapakua vifurushi vyake kwa sudo apt-get install --download-only hakupungukiwa kitu: mafaili yapo kwenye /var/cache/apt/archives, anaweza kuyaweka wakati wowote. Java ni makumi ya megabaiti tu. DHIS2 ndiyo nzito, mamia ya megabaiti, na hiyo ipakuliwe siku mtandao ukiwa umetulia.

Kuna atakayeuliza Lagangabilili inahusikaje, maana seva ya taifa ya DHIS2 haiko huko na hakuna mtu wa Itilima anayeigusa. Inahusika kwanza kwa sababu mfumo ukiwa chini, mtu wa Itilima ndiye anayebaki na fomu mkononi. Inahusika pia kwa sababu halmashauri na hospitali zetu zimejaa kompyuta nyingine za Linux zenye mifumo yake, iwe ya Java, PHP au Python, na safu hiyo ya katikati inazeeka kwenye kila moja. Python 2 ilifikishwa mwisho tarehe 1 Januari 2020, PHP 7.4 Novemba 2022. Kanuni za kuhama ni zile zile: soma kosa, jua mfumo unatumia toleo lipi hasa, weka jipya kando ya la zamani, chukua nakala, jaribu pembeni.

Mwaka 2005 Honest Kimaro wa Tanzania na José Nhampossa wa Msumbiji waliandika utafiti kuhusu sababu zinazofanya mifumo ya taarifa za afya isidumu katika nchi zao mbili. Walionyesha jinsi mifumo inavyojengwa kwa fedha za wafadhili na ujuzi wa kutoka nje, kisha inakosa wa kuitunza mradi unapokwisha. Miaka 20 imepita na hali imekuwa bora. Leo wataalamu wa Dar es Salaam wanajenga na kutunza mifumo wenyewe, na mataifa mengine yanajifunza kwao. Lakini ujuzi huo bado umejikusanya mijini. Naamini kwa dhati kwamba unaweza kukaa Itilima na wilaya nyingine za Simiyu kama Meatu na Busega, kwa sababu hakuna chochote katika kazi niliyoieleza kinachohitaji mashine ya bei mbaya. Inahitaji kompyuta mpakato iliyotumika, Ubuntu isiyolipiwa, kanzidata ya Sierra Leone, na mtu aliyepewa muda wa kujifunza.

Muda huo hautolewi bila kuombwa. Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa halmashauri waingize matengenezo ya programu kwenye bajeti ya mwaka, kwa jina lake, kama wanavyoingiza matengenezo ya magari. Utunzaji wa kawaida wa Ubuntu 22.04 unaisha mwaka 2027, na mashine nyingi zinazotumia toleo hilo zitalazimika kuhama kabla ya hapo. Na wewe afisa TEHAMA unayesoma sura hii, usisubiri barua. Ingia kwenye kila mashine ya Linux unayoisimamia, uliza toleo la Java, la PHP na la Python linalotumika, kisha andika majibu kwenye daftari pamoja na tarehe na jina lako.